Kinu cha nyuklia kikija Tanga, tutawaamini?

Chumbageni78: Wenzetu wa Uyombo, Kilifi, Kenya, mwaka 2024 waliandamana kukataa kinu cha nyuklia, polisi wakawatawanya. Sisi urani, mafuta ya kinu, tunayo, Namtumbo. Siku wakisema kinu kijengwe Mwambani, nani atawaamini?

FundiWaya: Mimi. Ufaransa karibu theluthi mbili ya umeme wao unatoka huko. Afrika Kusini wana kinu cha Koeberg, pua na mdomo na Cape Town, tangu 1984. Ila watu wa pwani mkisikia mtambo tu, mnaanza "samaki wetu, samaki wetu". Silikanti mwenyewe, yule samaki wenu wa kale, haliwi!

Jarife: Nani kakwambia haliwi?

BintiPangani: Mjomba wangu alimla, akahara siku mbili. Mafuta matupu yule.

Jarife: Mjomba wako hajui kupika, dada. Ndimu, ukwaju, unamkausha kwanza.

FundiWaya: Na ana hifadhi yake tangu 2009. Unajitangaza mwenyewe, shehe?

Jarife: Nimesema anavyopikwa. Sijasema nani kamvua.

MzeeNgamiani: Wanangu, samaki tumuweke kando. Chernobyl, Aprili 1986, kinu kililipuka usiku, watu wa Pripyat, mji wa jirani, wakaja kuhamishwa kesho yake mchana. Kama saa 36 watoto wanacheza nje. Japani 2011 nako, bahari iliruka ukuta ikazima majenereta ya kupoozea. Mitambo sina ugomvi nayo. Nauliza siku hiyo nani atatwambia, na saa ngapi. Warusi walinyamaza.

FundiWaya: Pripyat iko Ukraine, mzee wangu.

MzeeNgamiani: Wakati ule yote Sovieti. Jibu saa 36.

Chumbageni78: Hana jibu. Transfoma ya mtaani kwetu iliungua, tukaambiwa "kesho". Kesho ikawa wiki tatu, na kila ukipiga simu unaambiwa fundi yuko njiani. Kinu kikivuja pia tutaambiwa yuko njiani?

FundiWaya: Hapo umenitukana. Miaka kumi na moja napanda nguzo, mvua yangu jua langu. Unajua kwa nini transfoma zinaungua? Mnaiba mafuta yake usiku! Yanaishia kwenye karai za chipsi.

Chumbageni78: "Mnaiba" nani? Mimi mwalimu.

FundiWaya: Mwalimu huli chipsi?

BintiPangani: Subiri kwanza. Karai za wapi? Taja mtaa. Nimekula jana na mwanangu.

FundiWaya: Sitaji mtu. Ukiona mafuta wiki nzima hayabadiliki rangi, jiongeze.

BintiPangani: Yaani unajua watu wanalishwa sumu na unanyamaza?

MzeeNgamiani: Saa ya ngapi hiyo, fundi?

Jarife: Mlimcheka silikanti.