Mafundi Dodoma, acheni kutuuzia gia boksi wakati kinachovuja ni rejeta!

Wakuu, nina hasira na nitaandika kama nilivyo.

Nina Toyota Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S chini ya viti vya mbele, gia ni otomatiki. Inapiga kazi Dodoma hadi Babati. Ikaanza kuchelewa kushika gia asubuhi, na ukipanda mlima wa Bereko injini inanguruma tu, gari halivuti. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Fundi akazunguka nayo kidogo, hata stiki ya kupimia oili ya gia boksi hakuichomoa, akashuka na hukumu: "Bosi, gia boksi imekufa, tafuta nyingine."

Nimenunua gia boksi ya mtumba kwa hela ya ada ya watoto. Ikafungwa kwenye rejeta ileile na mipira ileile ya kupitisha oili. Haikumaliza mwezi, ugonjwa ukarudi vilevile! Namfuata, ananiambia nimeuziwa gia boksi mbovu.

Si kweli. Nilichomoa stiki mbele yake: oili ambayo ingetakiwa kuwa nyekundu na angavu imekuwa nzito kama mtindi uliotiwa rangi. Kwenye tangi la akiba la kulanti, yaani maji maalum ya rejeta, kuna utando wa mafuta juu. Fundi wa gia boksi gani haoni hapo?

Kwa wasiojua: oili ya gia boksi inatoka kwa bomba, inapita kwenye kipoozeo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, inarudi. Kipoozeo kikitoboka, gari likiwa linatembea oili huwa inasukumwa kwenye maji. Ukizima injini, presha ya oili inaisha, lakini rejeta ya moto bado ina presha yake, basi maji ndiyo yanaingia gia boksi. Yakishaingia yanabandua vitambaa vya klachi kwenye sahani zake. Hiyo gia boksi hata ingetoka kiwandani jana, ingekufa.

Na Dodoma yetu hii, maji ya visima vingi ni ya chumvi, watu wanajaza rejeta kwa dumu la bombani mwaka hadi mwaka. Kulanti wanaiona anasa. Kutu inakula kipoozeo humo ndani ya rejeta na hakuna anayekitazama.

Kinachoniuma ni kwamba kupima ni kazi ndogo mno. Chomoa mipira miwili ya oili kwenye rejeta, ziba tundu moja, ingiza upepo kiasi kwenye lingine huku rejeta imejaa maji na mfuniko uko wazi. Mapovu yakitoka, rejeta ni mbovu. Kompresa kila gereji inayo! Ila ukipima hivyo unauza rejeta, na kwenye rejeta hakuna cha juu kama kwenye gia boksi. Msinidanganye kwamba ni kutojua.

Tena wanakumwagia oili ya kwenye sampo, lile bakuli la chini ya gia boksi, mara moja wanasema "tumesafisha". Oili nyingi inabaki kwenye tokonventa, ile inayounganisha injini na gia boksi kwa oili, na kwenye mipira, na maji yake humo humo. Inatakiwa imwagwe na kujazwa tena na tena mpaka itoke safi, na oili iwe ya aina iliyoandikwa kwenye stiki au kitabu cha gari, siyo yoyote nyekundu ya dukani. Kiwango unapima gari likiwa la moto, injini inaunguruma, gia ipo P. Wangapi wanafanya hivyo?

Mimi sasa nimefunga rejeta mpya, mipira mipya na klipu zake, na nadai nusu ya gharama ya gia boksi kutoka kwa huyo fundi. Anasema nimpeleke popote. Nitampeleka.

Mwenye Noah, Ipsum au Gaia aliyefanyiwa hivi Dodoma, Singida au Manyoni, aeleze hapa alivyoambiwa na kama rejeta ilipimwa. Na anayemjua fundi anayepima kipoozeo kwa upepo kabla ya kutaja bei ya gia boksi, ataje mtaa wake tu, tutamfuata.