Valvu au transista kwa spika za elektrostatiki? Tusaidiane

MpangajiSouthB
Wakubwa, habari za jioni. Nimepata Quad ESL-63, zote mbili, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa inafunga nyumba Lavington irudi kwao. Zimesimama sebuleni kama milango miwili iliyokosa nyumba. Dada anayetusaidia kazi alishaanika soksi za mtoto juu ya moja kabla sijamweleza kwamba humo ndani mna volti zaidi ya elfu tano. Amplifaya yangu ni ya kawaida tu. Nikifika nusu ya sauti inapata moto kama pasi. Mmoja ananiambia nitafute ya valvu, zile za kizamani zenye vioo kama balbu, mwingine ya transista. Hela ipo, ila si ya kutupa.

BwSanturi
Valvu. Peter Walker mwenyewe, mwanzilishi wa Quad, alipozitoa 1957 alizifungia amplifaya yake ya Quad II, wati 15 tu, valvu za KT66. Transista itakupa sauti, valvu itakupa mwimbaji. Na nikuonye mapema: hizi si spika za benga, magitaa ya Waluo, wala za nganya, zile matatu za makelele. Ni spika za muziki.

FundiLuthuli
Mzee wangu, ya 1957 ni ile ya kwanza. Yake ni 63.

BwSanturi
Basi 1963. Miaka sita tu hiyo, fundi.

FundiLuthuli
La. 63 ni mwaka walioanza kuibuni. Dukani ilifika 1981. Na wakati huo huyo huyo Walker alikuwa keshatoa Quad 405, ya transista, wati 100, tangu 1975. Kama siri ni valvu, mbona aliiacha?

Mpangaji, sikia. Spika ya kawaida ina koili na sumaku. Hiyo yako ni kapasita: utando mwembamba kuliko mfuko wa mkate, umetiwa chaji, unavutwa na kusukumwa na bamba mbili zenye matundu. Kapasita ina tabia moja: kadiri mawimbi yanavyotetemeka kwa kasi, ndivyo ukinzani wake unavyoshuka. Kwenye karatasi imeandikwa omu 8. Huko juu kwenye matoazi na herufi "s" ni kama omu 3. Ndiyo maana ya kwako inapata moto. Inaombwa mkondo ambao haina.

MpangajiSouthB
Sasa valvu zinaingiaje hapo?

FundiLuthuli
Nyingi zina ukinzani wao wa ndani. Tuseme omu 2. Spika ikiwa omu 8, inapata nane ya kumi ya volti, hakuna kesi. Ikishuka hadi 3, inapata tatu ya tano. Zilizobaki zinaliwa ndani ya amplifaya. Kwa hiyo juu panafifia, na mtu anaita huo ufifio "utamu".

BwSanturi
Anayeuza transista Luthuli Avenue anatufundisha utamu. Asante.

Jakadala
Samahani, turudi nyuma kidogo. "Si spika za benga, ni spika za muziki." Benga ni nini basi, Bw. Santuri? Tangazo la kifo?

Route58
😂😂 Mzee ameshikwa.

BwSanturi
Usinipotoshe, kijana. Nilisema kuhusu besi. Utando hauwezi kusukuma besi ya benga.

Jakadala
Hukusema besi. Ulisema muziki. Mimi nimelelewa na santuri ndogo za 45 zilizotoka kwa watayarishaji wa River Road. Gitaa la solo linalia, besi inalijibu, halafu kwaya inaingia kama watu wanaotoka mlangoni kwa pamoja. D.O. Misiani, gwiji wa benga, alikuwa anajua kupanga gitaa kuliko hao unaowasikiliza umefumba macho na glasi mkononi.

BwSanturi
Sinywi.

FundiLuthuli
Kwa haki, Jakadala ana hoja na mzee ana nusu ya hoja. Kishindo cha kifuani hizi hazina, hata uzifungie mtambo wa umeme wa Olkaria. Lakini gitaa la solo! Nilishawahi kuweka benga ya zamani kwenye 63 za mteja pale Parklands. Unasikia kucha ikigusa waya kabla noti haijazaliwa. Unasikia mpiga besi akivuta pumzi. Bamba zake zimekatwa pete kwa pete, sauti inaanza katikati na kuenda nje kwa kuchelewa kidogo kidogo, kama jiwe kidimbwini, hadi sikio linadhani inatoka sentimita 30 nyuma ya spika.

Route58
Kwa hiyo haina kishindo? Basi umenunua pazia, boss.

Mtanganyika
Nasoma tu kutoka Musoma. Naona mnamgombania Misiani kana kwamba ni wenu. Alizaliwa Shirati, upande huu.

Jakadala
Shirati ni kwao, hakuna anayekataa. Lakini jina alilijengea wapi? Na alifia wapi? Kisumu, 2006, ajali ya barabarani.

Mtanganyika
Na serikali yenu ilimfukuza kwa sababu ya nyimbo zake. Sasa amekufa ndiyo mnamkumbatia.

Jakadala
Serikali si mimi, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nalipa kiingilio.

MwalimuFizikia
Mkimaliza kugawana marehemu, kuna jambo ambalo hamjamwambia mwenye spika. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, na hewa nyepesi hupitisha cheche kwa urahisi zaidi. Spika iliyoundwa Huntingdon, Uingereza, karibu na usawa wa bahari, ikifika South B inaanza kurusha cheche mapema kidogo. Kwa hiyo swali lisiwe valvu au transista tu. Liwe pia volti ngapi.

FundiLuthuli
Mwalimu amenigusa pale penyewe. Kikomo cha 63 ni kama volti 40 za kilele, ndiyo wati 100 kwa omu 8. Usidanganywe na mtu wa wati 500.

Na kuna la pili. Ikihisi cheche ndani, 63 inajilinda kwa kuunganisha waya zake za kuingilia papo hapo. Spika imepona, amplifaya inalipa. Mwaka jana mteja aliniletea moja ya bei ya gari, siitaji. Nilipofungua kifuniko, transista nne za mwisho zimepasuka matumbo, na juu ya bati pana doa jeusi, mviringo, kama mtu amezima sigara pale. Hiyo kampuni haikufikiria kwamba spika inaweza kujifunga yenyewe. Kwa hiyo uliza kwanza: inavumilia waya kugusana?

BintiKisauni
Afadhali cheche zenu. Kwetu ni unyevu. Babu yangu alikuwa na zile za 1957, masika yakiingia zinapiga mluzi na kukohoa, anazifunika na leso za bibi. Bibi alichoka, akachukua leso zake.

BwSanturi
Narudia, hakuna aliyejibu hoja yangu. Hizi spika zilizaliwa na valvu.

FundiLuthuli
Na wewe ulizaliwa na mkunga, bado unakwenda hospitali.

Route58
Wueh.

BwSanturi
Mimi nimekaa kwenye hobi hii kabla ya baba yako kununua redio. Heshima kidogo.

FundiLuthuli
Naomba radhi mzee, hiyo nimeivuka. Niseme hivi kwa adabu: valvu nzuri, yenye transfoma kubwa ya kutolea na ncha ya omu 4, inaweza kuiendesha 63 vizuri. Nimesikia. Ila valvu za kubadilisha utazitoa ng'ambo, na stima ya hapa ikikatika na kurudi kwa kishindo, zinaumia. 405 ya mtumba iliyobadilishwa kapasita ni kazi ya alasiri moja.

BwSanturi
Nimekubali radhi. Sikubali alasiri moja.

MpangajiSouthB
Jamani, MartinLogan je? Kuna jamaa anauza, anasema ni rahisi zaidi kuendesha.

MwalimuFizikia
Zile za Kansas, Marekani, nyingi ni mchanganyiko: juu utando, chini koni ya kawaida ya besi. Jakadala atazipenda. Lakini "rahisi kuendesha" hapana. Baadhi hushuka karibu na omu 1 pale kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde.

Jakadala
Kwa nini mimi ndiye nizipende? Kwa sababu zina besi? Mwalimu, nawe umeanza?

MwalimuFizikia
Nilikuwa nakusifu, kaka.

Jakadala
Ndivyo alivyosema na Santuri.

Mtanganyika
Sijajibiwa kuhusu Shirati.

MpangajiSouthB
Fundi, uko dukani Jumamosi mpaka saa ngapi? Hiyo 405, unaweza kuniwekea niijaribu kabla ya kulipa?

FundiLuthuli
Mpaka saa nane mchana. Leta moja ya spika, si lazima zote. Njoo na mtu wa kubeba, na usiilaze kifudifudi kwenye gari. Isitoshe gundi ya paneli za zile ikizeeka huachia, nitaikagua hapo hapo.

Jakadala
Nitakuwa Luthuli Jumamosi. Nakuja na sahani tatu. Bw. Santuri, karibu, uje uniambie ukiwa umesimama mbele ya spika kwamba ile si muziki.

BwSanturi
Saa ngapi?

Mtanganyika
Mkiweka Misiani, mseme anatoka wapi kabla sindano haijagusa.