Majirani wa Kirumba, Mwanza: Jumamosi kwa mguu

Mama Kulwa: Habari za jioni majirani. Mlionipigia mchana mnisamehe, tulikuwa njiani na Esta. Tumevuka pale Furahisha, tukashika Makongoro kwa mguu hadi mjini, tukazungukia ziwani mpaka Capri Point.

Baba Shija: Kwa mguu? Na daladala zote hizi?

Mama Kulwa: Kwa mguu, shemeji. Ndani ya daladala ningemwonea wapi yule mama mchoma samaki? Yuko uchochoroni, hatujafika kivuko cha Kamanga. Kafungua juzijuzi, turubai juu, jiko la mkaa nje.

Esta: Jamani, yule mama anajua kazi! Sato mzima kamchanja ubavuni, chumvi na ndimu zimeingia mpaka mfupani. Mafuta yakianza kudondoka anasukuma makaa pembeni ili moto usirukie ngozi. Hana haraka. Ngozi kavu, nyama nyeupe bado ina maji yake. Na samaki unachagua mwenyewe kwenye beseni. Nilifunua shavu kwanza, jekundu kabisa.

Shomari: Bei?

Esta: Kwa ukubwa wa samaki. Mnapatana kabla hajawekwa motoni.

Mzee Masanja: Mwadila. Ugali wa nini?

Mama Kulwa: Mwadila babu. Wa mahindi upo, wa udaga wa muhogo upo. Tulikula wa udaga.

Mzee Masanja: Huyo namheshimu. Wengine ukikaa tu wanakuletea chipsi. Samaki ningu je, mmemkuta popote?

Esta: Hapana babu. Sangara wa makange, sato na dagaa, basi.

Mzee Masanja: Sisi tumekua na ningu na furu. Mvua zikinyesha ningu walipanda mitoni kutaga, watu wakawategea nyavu midomoni mwa mito. Furu nao, sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 akaja kuwala. Mkimkuta ningu mahali niambieni, nitakuja hata kwa bodaboda.

Mama Kulwa: Tutauliza kila tutakapokaa, babu.

Baba Shija: Lakini sato si wako hapo sokoni Mwaloni? Unanunua, unapika kwako.

Mama Kulwa: Shemeji, Mwaloni naenda kila wiki. Ila tangu Esta afiwe na mama yake, nyumbani hasemi kitu. Tukitembea anaongea. Leo kanisimulia mambo ya mama yake njia nzima, kucheka na kulia humohumo. Siwezi kuyaacha matembezi haya.

Esta: ❤️ Asante dada.

Baba Shija: Nimeelewa shemeji. Pole sana Esta.

Shomari: Na huko Capri Point?

Esta: Tulikunywa soda tu tukitazama kisiwa cha Saanane. Bei za vyakula vyao zinataka mshahara uwe umeingia.

Mama Kulwa: Jumamosi ijayo tunaelekea Bwiru. Tunaondoka saa 10, jua likishapoa. Viatu vya kufunga, na chupa ya maji kila mtu.

Shomari: Nipo.

Mama Shija: Na mimi. Baba Shija atabaki na watoto.

Baba Shija: Sawa. Mniletee sato.