Tomi na Zulia la Sebuleni

Kikundi: Jamaa wa Lubumbashi na Likasi

Mama Mwadi: Jamboni wote. Yule mbwa mchanga aina ya Yorkshire, Tomi, ambaye baba watoto alimleta Jumamosi, ametufanya watumwa wa kitambaa cha kupangusia. Ana majuma manane tu na anaenea kiganjani, lakini sebule yangu haikauki. Tukimtoa uani anajikunyata na kutetemeka, maana baridi ya mwezi huu wa saba mnaijua, na tukimrudisha ndani anakojoa palepale kwenye zulia kana kwamba alikuwa akilingojea. Naomba mwenye ujuzi anieleze namna ya kumzoesha kabla sijamrudisha alikotoka.

Baba Ilunga: Sisi Likasi tulifuga mbwa wa kulinda lupango, yaani ua wa nyumba, na yule aliyethubutu kuchafua nyumba alisukumwa pua kwenye uchafu wake, akapigwa kofi moja, akafukuzwa nje. Hakuna aliyerudia.

Kalenga: Baba mkubwa, pokea salamu zangu, na uniruhusu nikupinge kwa heshima. Mbwa wale hawakurudia kwa sababu walilala nje na kushinda nje. Nyumba hawakuwa nayo ya kuchafua. Tunavyofundishwa hapa kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mbwa huunganisha adhabu na jambo linalotendeka wakati uleule, kwa hiyo ukimpiga dakika kumi baada ya kukojoa, hajui kosa lake ni lipi. Anachojifunza ni kwamba mtu akiwa karibu huku mkojo upo, kuna hatari. Matokeo yake ataanza kujificha nyuma ya kabati, na hata mkimpeleka uani atabana mpaka mrudi ndani na kumwacha peke yake.

Shangazi Kabedi: Basi hilo la kabati tayari limetokea, Mama Mwadi aliniambia jana.

Mama Mwadi: Ni kweli, na aliyempiga kofi anasoma ujumbe huu kimyakimya.

Kalenga: Mama mdogo, Tomi si mkaidi. Kwa kadirio la kawaida, mbwa mchanga huweza kubana mkojo kwa muda wa saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, ndiyo kusema Tomi hawezi kuzidi saa mbili mchana, na kwa kuwa ni wa aina ndogo, kibofu chake ni kidogo mno, hivyo mara nyingi hata saa hizo mbili hazifiki. Haja humjia karibu kila anapoamka, anapomaliza kucheza, na ndani ya robo saa au nusu saa baada ya kula. Nyakati hizo msisubiri aombe, mchukueni ninyi wenyewe mpaka mahali mlipochagua. Akimaliza, msifuni papo hapo na mpeni kipande kidogo cha nyama. Mkichelewa mpaka afike jikoni, atadhani anasifiwa kwa kufika jikoni.

Grace: Mimi ndiye ninayeshinda naye, na nimegundua jambo. Huwa anatafuna ndala yangu kwa bidii, kisha ghafla anaiacha, anashusha pua sakafuni na kuzunguka karibu na mguu wa meza, halafu anachuchumaa. Muda wenyewe ni mfupi sana, nikisema nitafute viatu nimechelewa.

Kalenga: Hiyo ndiyo dalili yenyewe, Grace, na umeiona vizuri kuliko wanafunzi wengi. Usitafute viatu, mbebe.

Shangazi Kabedi: Nauliza: ambebe ampeleke wapi? Kwenye magazeti ndani ya nyumba, au nje? Jirani yangu anasema magazeti yanamfundisha mbwa kwamba nyumba ni choo.

Kalenga: Jirani yako hajakosea kabisa, Shangazi. Mbwa akishazoea kukanyaga karatasi ndipo ajisaidie, baadaye itabidi afundishwe upya kutumia udongo au majani, na hiyo ni kazi mara mbili. Kwa mbwa mkubwa mwenye chanjo zote ningesema uani moja kwa moja. Lakini Tomi amepata chanjo ya kwanza tu, nayo hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka afikishe majuma kumi na sita hivi. Virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara damu kwa mbwa, huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi, na lupango lenu halina lango la kuzuia mbwa wa mtaani. Kwa umbo lake, kuhara damu siku mbili kunatosha kummaliza. Ndiyo maana nashauri magazeti kwa sasa, ila yawekwe mahali pamoja pasipobadilika, karibu na mlango wa uani. Chanjo zikikamilika, mtayasogeza kidogo kidogo mpaka yavuke kizingiti.

Baba Ilunga: Hapo nimekuelewa. Lakini akiachwa azurure nyumba nzima, hayo magazeti atayaonaje?

Kalenga: Asizurure, Baba mkubwa, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kwa kiumbe mdogo hivyo, chumba cha pili ni nchi ya mbali. Mzungushieni kizuizi katika kona ya jikoni yenye vigae, upande mmoja kitanda chake na maji, upande wa pili magazeti. Mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo nafasi ikiwa ndogo atajiondoa mwenyewe kitandani. Atoke humo pale tu ambapo kuna mtu wa kumwangalia. Na zulia, Mama mdogo, likunjwe kwanza, kwa sababu kwa nyayo zake ni laini kama magazeti, tena limekwisha kuwa na harufu yake.

Mama Mwadi: Zulia nimelimwagia maji ya javeli, yale ya kung'arisha nguo, mara mbili.

Kalenga: Tafadhali usirudie. Javeli ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, na yeye pua yake iko sakafuni. Sabuni zenye amonia nazo mziepuke, kwani kwake zinanukia kama mkojo. Nyonyeni unyevu kwa kitambaa kikavu, osheni kwa sabuni ya kawaida na kusuuza mpaka javeli yote iishe, kisha pitisheni siki iliyochanganywa na maji.

Mama Mwadi: Na usiku? Nilifikiri nimnyime maji na chakula tangu jioni.

Kalenga: Hapana, Mama mdogo, hilo ni hatari. Mbwa wa aina hii akikaa muda mrefu bila kula, sukari ya damu hushuka, akalegea, akatetemeka na kuyumba. Apewe chakula mara nne kwa siku, kwa saa zilezile, maana chakula chenye saa huleta haja yenye saa. Mkimkuta amelegea hivyo, mpakeni asali kwenye ufizi na mumkimbize kwa daktari wa mifugo. Usiku apelekwe kwenye magazeti kabla ya kulala, kisha mara moja au mbili mpaka alfajiri, bila mchezo wala mazungumzo, la sivyo atawaamsha kwa ajili ya kucheza.

Shangazi Kabedi: Kazi hii itachukua muda gani?

Kalenga: Aina ndogo huchelewa. Wengi hutulia kati ya miezi minne na sita, wengine hupita hapo. Ajali zitapungua mapema, lakini msimwachie nyumba nzima kwa sababu ya juma moja zuri.

Grace: Zamu ya usiku wa manane naikubali, ila ya alfajiri apewe baba.

Mama Mwadi: Baba atafanya. Zulia nimeshalikunja. Nani ana magazeti ya zamani?

Baba Ilunga: Ninayo rundo zima. Kesho naja huko, nitayaleta.