Mliopita skauti Mwanza na kanda ya ziwa, tupeane uzoefu: mlipata nini zaidi ya gwaride?

Baba wa Darasa la Tano

Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu anasoma shule ya msingi huku Igoma. Juzi karudi na kikaratasi ndani ya daftari la hisabati, anataka kuingia skauti. Shati la kaki, kaptula, soksi ndefu, skafu, pamoja na mchango wa kambi ya siku tatu wakati wa likizo. Mama yake akasoma, akakunja, akakiweka chini ya bakuli la chumvi. Kwake yeye skauti ni watoto wa kusimamishwa juani wakimsubiri mgeni rasmi avishwe skafu. Mgeni anaondoka na skafu, watoto wanaondoka na njaa.

Sikumjibu, kwa sababu na mimi nimewaona. Siku ya Mwenge viwanja vya Furahisha utawakuta wamepanga mstari tangu asubuhi, midomo imekauka, na msafara bado uko wilaya nyingine.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Nimekulia Mabatini, kule juu kwenye mawe. Kuna mtoto wa jirani alikuwa anakimbiza pimbi, akateleza, akavunjika mkono. Watu wazima tulijaa pale, huyu anasema apakwe mafuta, yule anasema mkono uvutwe. Akatokea kijana wa sekondari, akavua skafu shingoni, akatafuta vipande viwili vya ubao, akaufunga mkono bila kuunyoosha, akautundika kifuani kwa mtoto. Hospitali wakauliza nani kafunga. Mpaka siku ile nilidhani skafu ni pambo.

Habari za Baden-Powell nimezisoma, kambi ya kwanza 1907 kisiwani kule Uingereza, mzee akafia Kenya 1941 na kaburi liko Nyeri. Nataka ya kwenu. Tiririkeni, na msinipambie. Kikaratasi kinarudi shule Jumatatu.

Mtoto wa Mwaloni

Mkuu, mimi ni wa Kayenze. Baba mvuvi wa dagaa, babu mvuvi, na mimi nilijua kuwasha karabai kabla ya kujua kusoma. Skauti ililetwa shuleni kwetu na mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Singida. Mtu wa watu, lakini ziwa alikuwa analiona kwa mara ya kwanza, hata kupanda mtumbwi alikuwa anapanda kama anaingia kitandani kwa mkwe.

Jumamosi ya kwanza kaja na kitabu na vipande vya kamba ya katani. Somo ni mafundo. Akaanza na lile la kitanzi kisichokaza, ambalo unamfunga mtu kiunoni na halimbani hata ukimvuta. Anasoma mstari, anapitisha kamba, inafumuka. Anarudia, inafumuka. Nyuma huku tunakufa kwa kicheko, maana lile fundo nusu ya darasa tulikuwa tunalifunga gizani, mikono ina baridi, mtumbwi unacheza. Akatusikia. Nikajua leo fimbo. Akaninyooshea kidole: "Wewe, njoo mbele." Nikaenda. Akanipa kamba, akakaa nilipokuwa nimekaa mimi, akasema, "Haya mwalimu, nifundishe."

Sijawahi kusahau ile. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu kwa kutaka kujua.

Baada ya hapo mazoezi yakahamia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Babu yangu akawa mkufunzi bila kuombwa, anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, sisi tumemzunguka, mwalimu naye yumo anaandika. Lakini kuna siku mwalimu alimzidi babu. Alisema mtu akizama usimrukie, mtupie kitu. Tawi, kamba, kasia, dumu tupu la lita ishirini lililofungwa mfuniko. Babu akawaka. "Mtu anakufa, wewe unatafuta dumu?" Kwetu anayezama anarukiwa, ndiyo uanaume. Na ndiyo maana kwetu ziwa likichukua mmoja mara nyingi linachukua wawili, maana anayezama hakuokoi wala hakuachii, anakupanda kichwani.

Tulifanya zoezi lile mpaka tukachoka. Dumu, kamba, tupa, vuta. Mwaka uliofuata, jioni moja, mdogo wangu akateleza kwenye mtumbwi uliokuwa unaingia. Upepo unatoka nchi kavu, unamsukuma nje. Nikatupa dumu, likapita pembeni. Nikavuta, nikatupa tena, akalikumbatia kama mama yake. Babu alikuwa amesimama pale pale, maji yanamfika magotini. Hakusema neno, akamchukua mtoto akaenda naye.

Asubuhi nilipokwenda kutoa maji kwenye mtumbwi wake nikakuta dumu tupu limefungwa mbele, na kamba yake imekunjwa vizuri.

Kiti Moto Buhongwa

Daah. Nimeacha chai ikapoa.

Binti wa Nansio

Mleta uzi hujauliza ya mabinti ila nitasema tu. Nilikuwa skauti Ukerewe. Baba alikataa kambi ya Mwanza kwa sentensi moja: mtoto wa kike halali nje. Mama akaongea na shangazi, shangazi akaongea na mwalimu wa kike aliyekuwa anatusindikiza, ikawa nimeenda "kumsalimia shangazi Kirumba". (Baba, kama unasoma humu, shikamoo.)

Kivuko kutoka Nansio nilikaa nje njia nzima kuona yale mawe ya Mwanza yanavyotokea. Tukalala darasani, wasichana chumba chao na mwalimu mlangoni. Asubuhi kiongozi wa kambi anagawa kazi. Wavulana kujenga mnara wa miti na kusoma ramani, wasichana jikoni. Hivi hivi, kama vile imeandikwa kwenye kanuni. Mwalimu wetu akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa kama huko porini wavulana wakipotea watakuwa wanabeba wasichana wa kuwapikia. Watu wakacheka, zamu zikapangwa upya.

Zamu ya wavulana wa shule moja ya mjini tulikula ugali wenye mabuje, chini umeungua, juu mbichi, na dagaa ambao hawakuoshwa mchanga. Tulikula wote kimya. Siku ya pili wakaja mmoja mmoja, kwa siri, kuuliza maji yachemke kiasi gani kabla ya kutia unga. Na mimi nikajifunza dira na kusoma ramani, na leo hii naishi kwa kupima viwanja. Sisemi ni kwa sababu ya skauti. Ila dira ya kwanza kushika mkononi ilikuwa ile.

Niliyebaki Stendi

Wengine mnasimulia peponi, ngoja niseme ya kwangu. Mama alikuwa anauza vitumbua. Alilipa mchango wa kambi kwa wiki tano, shilingi mia mia. Siku ya safari tulifika stendi alfajiri, vijana kama thelathini, mikeka kwapani, sahani kwenye mfuko wa rambo. Saa mbili, saa nne, saa sita. Kiongozi akaja jioni, akasema gari limeharibika, kambi imeahirishwa. Ikaahirishwa mpaka leo. Hela hatukuziona, na yule bwana alihama shule mwaka huo huo.

Sikurudi skauti. Mama hakuniambia kitu, na hilo ndilo liliniuma.

Kwa hiyo mkuu usitoe hela kwa kumwamini mtu kwa sababu kavaa kaki. Dai risiti. Uliza kambi iko wapi, nani analala na watoto, mwalimu mkuu anajua, ofisi ya kamishna wa skauti wa wilaya inajua. Mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa.

Gwaride la CCM Kirumba

Mimi nilizimia juani. Kweli kabisa, wala simwungi mkono mama mtoto kwa utani. Nilizinduka kivulini nina soda mkononi, na ilikuwa soda yangu ya kwanza mwaka ule. Sherehe iliyofuata nilijitahidi nizimie tena, ikashindikana.

Nesi wa Sengerema

Jambo moja muhimu kabla hamjamaliza kuchekana. Kambi yetu ilikuwa ufukweni, mahali pazuri, matete yamekaa kama pazia. Tulioga ziwani asubuhi na jioni, tukaosha vyombo mle mle. Wiki kadhaa baadaye, nusu ya kundi tumbo linauma, wengine choo kina damu. Kichocho. Wale minyoo wanakaa kwenye konokono wadogo wa majini, hasa penye maji yaliyotulia na majani, wakitoka wanapenya ngozi yako na huhisi kitu. Pale palipokuwa pazuri ndipo palipokuwa pabaya.

Tulimezeshwa vidonge vya prazikwanteli, vile vikubwa vichungu vinavyotolewa kwa kupima urefu wa mtoto. Ila nataka niseme alichofanya kiongozi wetu. Hakuificha. Alikuja nyumba kwa nyumba, akawaambia wazazi nimekosea, mpelekeni mtoto akapimwe. Kambi iliyofuata maji ya kuoga yalichotwa siku mbili kabla yakakaa kwenye mapipa, kwa sababu wale wadudu wasipopata mtu wa kumwingia hawamalizi siku mbili. Kuoga ukawa kwa kopo. Nilianza kupenda kazi ya afya pale kwenye mapipa.

Mkuu, kama kambi ya kijana ni ufukweni, uliza maji ya kuoga yanatoka wapi. Akirudi mpeleke apimwe.

Mzee wa Kirumba

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Ila umesema kijana anasoma Igoma.

Tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa Jumanne. Nilikuwa kidato cha pili. MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa karibu kabisa kuingia Mwanza, walikufa watu zaidi ya 800. Mji ulinyamaza, hata daladala zilikuwa hazipigi kelele. Kiongozi wetu wa skauti alitukusanya, akasema wazi: hamtaona miili, ninyi ni watoto. Kazi yenu ni walio hai.

Hatukuokoa mtu, naomba nieleweke. Tulibeba maji. Tulikuwa na ndoo na vikombe, tunapita kwenye foleni za ndugu waliokuja kuulizia watu wao. Walikuja wazee kutoka Kagera ambao Mwanza hawajawahi kufika, wengine Kiswahili kinawapa tabu, hajui ofisi iko wapi, hajui atalala wapi. Mimi nilimshika mkono bibi mmoja siku nzima. Alikuwa anatafuta mtoto wa binti yake. Kila tukifika mlango alikuwa ananiambia nisimwache, na mimi namwambia siondoki, bibi. Jioni nilimfikisha kwa watu wa kanisa waliokuwa wanapokea wageni. Sikujua alipata au hakupata.

Kuhusu skafu. Mama mtoto wako anaona ni ya mgeni rasmi. Siku zile skafu ilikuwa na kazi moja: mtu asiyemjua yeyote mjini aone shingo yenye skafu ajue wa kumuuliza. Waliuliza kweli. Maji wapi, choo wapi, orodha inasomwa wapi. Sisi tulikuwa watoto, mengi hatukuyajua, tulikimbia tukauliza tukarudi.

Ukipita pale Igoma kwenye makaburi ya waliozama na MV Bukoba, skauti wa umri wangu wapo wanaokuja mwezi wa Mei kufagia majani. Hatuvai sare wala skafu.

Kiti Moto Buhongwa

Shikamoo mzee.

Baba wa Darasa la Tano

Asanteni wote. Ya mzee nimemsomea mama mtoto kwa sauti. Hakusema kitu, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye sana akauliza, "Yule bibi alilala wapi lakini?" Nikamwambia kwa watu wa kanisa. Akasema haya.

Ya Nesi akaisoma mwenyewe mara mbili. Leo asubuhi kaenda shule bila kuniaga, kumuuliza mwalimu kuhusu maji ya kuoga. Mwalimu kamwambia kambi si ufukweni, ni uwanja wa shule moja huko Kisesa, maji ya bomba. Risiti pia kaidai, Niliyebaki Stendi, na kapewa, ina muhuri. Mchango umelipwa nusu, nusu mwisho wa mwezi.

Kikaratasi kimetoka chini ya bakuli kina doa la mafuta, sijui kama watakikubali.

Swali la mwisho: kaptula ya kaki ya mtumba pale Mlango Mmoja inafaa, au lazima nimpeleke kwa fundi?

Binti wa Nansio

Mtumba inafaa kabisa. Chukua iliyozidi namba mbili, upindo uwe mrefu, atakua nayo mpaka la saba.

Mtoto wa Mwaloni

Na mnunulie kamba mita tatu. Ya katani, ya nailoni inateleza.