Ushauri: mtoto wa ndugu yangu achague sare au upelelezi katika vyombo vya usalama vya Marekani?

Shangazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninaandika kwa ajili ya mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye alizaliwa hapa Amu, akachukuliwa na wazazi wake kwenda Marekani akiwa na miaka 9, na sasa ana miaka 28, ni raia wa huko, ana shahada ya uhasibu na amefanya kazi miaka mitatu katika benki mjini Columbus, jimbo la Ohio. Tangu baba yake alipofariki, kila jambo zito hunipigia simu kabla ya kuliamua, nami naiona hiyo ni amana. Mara hii ameniuliza jambo nisilo na elimu nalo.

Anataka kuingia katika vyombo vya usalama vya serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu ya Washington, si polisi wa jimbo wala wa mji. Njia anazozitazama ni mbili. Ya kwanza ni kuwa askari wa sare wa Secret Service, wale wanaolinda Ikulu ya Marekani na balozi za kigeni zilizoko Washington. Ya pili ni kuwa mpelelezi maalumu, ama katika Secret Service hiyo hiyo, ama katika FBI, shirika la upelelezi wa jinai la serikali hiyo kuu. Mama yake anapenda avae sare, kwa kuwa anaamini mwanawe atakaa mji mmoja, ataoa na kutulia. Kijana mwenyewe moyo wake uko kwenye upelelezi, lakini wenzake wamemwambia kwamba ni lazima aanze chini, avae sare miaka kadhaa, ndipo apandishwe.

Nakiri kwamba mimi sare naitazama kwa macho ya mtu wa Lamu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 wavuvi wetu walizuiwa kuvua usiku, na kwa muda mrefu askari niliyemjua ni yule aliyesimama kutuuliza vitambulisho. Sitaki hofu yangu hiyo imharibie kijana mwelekeo.

Liko na jambo la pili, na hili ndilo linaloniuma. Kuna mtu amemshauri asitutaje sisi jamaa zake wa Lamu katika fomu za maombi, na apunguze kutupigia simu, kwa sababu tunaishi karibu na mpaka wa Somalia. Je, ni kweli kwamba sisi ndio tutakaomzibia riziki yake?

Mstaafu wa Barani, Malindi

Wa alaykum salaam, Bi Shangazi. Nilitumikia polisi ya Kenya kwa miaka 31, karibu nusu yake nikiwa na sare na nusu nikiwa mpelelezi, kwa hiyo nitazungumzia zaidi kazi zenyewe. Kanuni za ajira za Marekani watazieleza vizuri zaidi walioko huko.

Hilo la kuanza chini, nadhani waliomshauri wanaufikiria mfumo wetu. Kwetu kijana huandikishwa akiwa konstebo, hufunzwa katika chuo cha polisi cha Kiganjo, hutumikia kituoni, na baadaye ndipo huweza kuchukuliwa na idara ya upelelezi wa jinai. Marekani mpelelezi maalumu huajiriwa moja kwa moja kutoka uraiani, na mhasibu, mwanasheria au mwalimu aweza kuapishwa bila ya kuwahi kuvaa sare hata siku moja. Huko ni ngazi mbili, kila moja na vidato vyake.

Askari wa sare kazi yake ni kuwapo. Siku inayokwisha bila ya tukio ndiyo siku aliyoifanya kazi sawasawa, ingawa hakuna atakayekuja kumshukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Husimama saa nyingi katika jua au baridi akitazama mikono ya watu, humwelekeza mgeni aliyepotea, na katika muda wa kufumba na kufumbua hutakiwa kuamua jambo la uhai na mauti bila ya kumwuliza mkubwa wake. Zamu ikiisha hukabidhi lindo, akaenda zake. Mpelelezi hana wa kumkabidhi. Faili akilifungua linakuwa lake mpaka mahakama iseme neno la mwisho, na sehemu kubwa ya kazi ni kuandika: maelezo ya mashahidi, maombi ya hati za upekuzi, orodha za vielelezo, kisha kusimama kizimbani na kuulizwa na wakili hodari kwa nini ukurasa wa 40 haulingani na ukurasa wa 12.

Mfano ambao Wakenya tunaujua kwa uchungu ni wa bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu zaidi ya 200. Wapelelezi wa FBI walikuja, wakafanya kazi bega kwa bega na wapelelezi wetu, wakamhoji kwa siku nyingi hapa hapa nchini mtuhumiwa mmoja aliyefika ubalozini ndani ya gari la bomu akanusurika na majeraha. Kesi ilisikilizwa New York, na washtakiwa wanne wakatiwa hatiani mwaka 2001. Hesabu, Bi Shangazi, ni karibu miaka mitatu kutoka mlipuko hadi hukumu, na katika miaka hiyo wapo watu ambao kila asubuhi waliamka na faili lile lile.

Kwa hiyo mimi ningemwuliza kijana kama anaweza kukaa na jambo moja muda mrefu pasipo kuona matunda yake, na kama anapenda kuandika. Mtu asiyependa kuandika atateseka katika upelelezi, awe shujaa namna gani.

Mwana wa Shela, Maryland

Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Shela, na huu ni mwaka wa 11 nikiwa askari wa sare katika chombo kimoja cha shirikisho karibu na Washington. Aliyosema mzee wa Barani kuhusu ngazi mbili ni sahihi, nami ni ushahidi wa mtu aliyechelewa kulifahamu.

Kijana aanze na umri wake. Sheria inawaruhusu wenye kazi hizi kustaafu wakiwa na miaka 50 baada ya utumishi wa miaka 20, au kwa umri wowote baada ya miaka 25, na kwa kawaida inawalazimu kuondoka wanapofika miaka 57. Ukitoa 20 katika 57 unapata 37, na ndiyo sababu mwombaji hutakiwa awe ameajiriwa kabla ya kutimiza miaka 37, isipokuwa baadhi ya watu, kama wanajeshi wa zamani, ambao huweza kuruhusiwa kupita hapo. FBI wanaanzia miaka 23, wanataka shahada na angalau miaka miwili ya kazi, na mtoto wetu vyote hivyo anavyo. Ana miaka tisa mbele yake. Hata hivyo asijistareheshe, kwa sababu kutoka siku ya kuomba hadi siku ya kuapishwa mwaka mzima huweza kupita, na anayekosa mara ya kwanza huanza upya.

Sasa nieleze kosa langu. Niliingia kwenye sare nikiwa na miaka 29, na mkubwa wangu wa kazi akanihakikishia kwamba nikitulia miaka mitano sita nitahamishiwa upelelezini. Nilimwamini. Sikuuliza kama chombo changu kimo katika mpango wa pensheni ya walinzi wa sheria, yaani huo wa kustaafu mapema nilioutaja, na baadaye nikagundua kwamba hakimo, kwa maana si kila sare ya shirikisho inahesabiwa; hata polisi wanaolinda hospitali za wanajeshi wastaafu hawamo. Nilipoomba upelelezi nilikuwa na miaka 35, uchunguzi wa historia yangu ukachukua muda mrefu, nikatimiza 37 kabla haujakamilika, na miaka yangu ya lindo, kwa kuwa haikuwa ya mpango huo, haikuweza kunipunguzia hata siku moja katika hesabu ya umri. Askari wa sare wa Secret Service wao wamo katika mpango huo, hivyo kijana akianzia hapo kisha akahamia upelelezi, miaka yake ataondoka nayo. Tafadhali mwambie aulize swali hilo kwa maandishi, kwa chombo chochote atakachokiomba, kabla hajatia saini.

Kuhusu mshahara, mpelelezi hulipwa nyongeza ya asilimia 25 juu ya mshahara wa msingi, utaratibu uliowekwa kwa sheria mwaka 1994, na badala yake hutakiwa kufanya wastani wa saa mbili za ziada kila siku ya kazi na kupatikana wakati wowote akiitwa. Askari wa sare hulipwa saa zake za ziada kwa kuhesabiwa. Nimeona mwaka ambao mwenye sare aliondoka na fedha nyingi kuliko mpelelezi, lakini zilitokana na wikendi ambazo watoto wake hawakumwona.

Mama yake ana haki kwa upande wa mji, kwani kitengo cha sare kiko hasa Washington, ingawa huweza kutumwa safarini panapokuwa na ziara za viongozi. Mpelelezi wa FBI hupelekwa popote penye haja, na ofisi zao kubwa ni zaidi ya 50 nchini kote. Mpelelezi wa Secret Service kwa kawaida huanza katika ofisi ya mikoani akichunguza ulaghai wa fedha na noti bandia, na hii ndiyo asili ya chombo chenyewe, kwa sababu kilianzishwa mwaka 1865 kupambana na noti bandia, na ulinzi wa marais ukaja baada ya Rais McKinley kuuawa mwaka 1901. Huko uhasibu wa kijana utakuwa na thamani kubwa. Baada ya miaka kadhaa huhamishiwa kwenye ulinzi wa viongozi, na hapo maisha yanakuwa ya ndege na hoteli. Lakini asidhani kwamba sare inampa mtu sikukuu zake. Idi nne mfululizo nimezipitisha kwenye lango.

Jambo moja linaniudhi, nalo ni kusikia vijana wetu wakisema kwamba sare ni ya waliokosa nafasi ya kuvaa suti. Tarehe 1 Novemba 1950 watu wawili walijaribu kumwua Rais Truman katika nyumba aliyokuwa akikaa Washington wakati Ikulu ikikarabatiwa. Askari wa sare, Leslie Coffelt, alipigwa risasi kwenye kibanda chake cha lindo, na kabla ya kufa kwa majeraha hayo alimpiga mmoja wa washambuliaji akamwua. Mlangoni palikuwa na mtu wa sare, na rais akasalimika.

Bint Siyu, Minneapolis

Shangazi yangu, mimi nitajibu lile linalokuuma, kwa sababu mume wangu alipitia njia hiyo na ana ndugu Lamu na Garissa.

Huyo aliyemshauri kijana awafiche amemshauri vibaya sana. Fomu ya uchunguzi humtaka mwombaji aorodheshe wazazi, ndugu na jamaa wengine wa karibu, pamoja na watu wa nje anaowasiliana nao kwa ukaribu, na kusema uongo humo kwa makusudi ni kosa la jinai la shirikisho ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Kuwa na jamaa nje ya nchi si kosa wala si kizuizi peke yake. Wachunguzi wanachopima ni kama uhusiano huo unaweza kutumiwa kumshurutisha. Mume wangu aliulizwa kwa saa nyingi kuhusu ndugu yake mmoja, fedha tunazotuma zinakwenda kwa nani na kwa ajili gani, na majirani zetu hapa wakatembelewa mmoja mmoja. Kila alichoulizwa kilikuwa tayari kimeandikwa katika fomu kwa mkono wake, na akapita. Tulimfahamu kijana mwingine aliyeficha safari moja ya Nairobi, isiyokuwa na ubaya wowote, akaulizwa juu yake akiwa kwenye mashine ya kugundua uongo.

Akiajiriwa ataweza kuja Maulidi Lamu kama kawaida, ila atatakiwa kuiarifu ofisi yake kabla ya kusafiri.

Mengine mawili. Aangalie kama alijiandikisha katika daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, ambalo wanaume hujiandikisha kati ya miaka 18 na 25, kwani asiyejiandikisha huweza kunyimwa kazi ya shirikisho. Na kama amewahi kuvuta bangi, niwie radhi kwa kulitaja, aseme kweli, kwa sababu Ohio imeihalalisha tangu 2023 lakini serikali ya shirikisho haitazami sheria ya Ohio.

Mwalimu wa Ngala, Malindi

Niongeze kuhusu uraia tu. Kwa Katiba yetu ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, kwa hiyo kijana anaweza kuwa bado anahesabiwa kuwa Mkenya hata kama hana pasipoti yetu, naye atatakiwa kulieleza hilo katika fomu hiyo hiyo.

Shangazi wa Langoni, Lamu

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Jana usiku nimemsomea majibu yenu kwa simu, neno kwa neno, na la Mwana wa Shela akaniomba nilirudie. Mzee wa Barani, nimemwuliza maswali yako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huko benki kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ni kufuatilia hesabu moja isiyolingana kwa wiki sita, na wenzake walikuwa wamekwisha kuiacha. Nikaona jibu amelitoa yeye mwenyewe. Ataomba upelelezi mwaka huu, na maombi ya sare ya Secret Service atayatuma pia, baada ya kuuliza habari ya pensheni kwa maandishi. Mama yake hakufurahi, nami nitazungumza naye.

Kuhusu sisi jamaa, ameniambia kwamba hakuwahi kukusudia kutuficha, ila aliogopa kunihuzunisha kwa kuniambia kwamba serikali ya watu itaniuliza jina. Sasa anataka majina yetu kamili, tarehe za kuzaliwa na anwani, na nyumba za Langoni hazina namba. Mwana wa Shela, kama unakumbuka uliandikaje anwani ya wazazi wako, nifahamishe. Kesho ninapanda boti kwenda Pate kwa ami yake mkubwa, kwa sababu cheti chake kina mwaka tu.