Nimekwama kwa Margit siku ya tisa, mapigano ya Elden Ring yananishinda. Naomba msaada wakuu

Mwalo_Kibirizi:
Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma, shughuli zangu ni za dagaa pale mwaloni Kibirizi. Kaka yangu alipohamia Dar aliniachia PS4 yake na diski ya gemu ya Elden Ring. Nacheza usiku nikishafunga hesabu, kuanzia saa tatu mpaka saa tano hivi, umeme ukiwepo.

Gemu za mpira naziweza, na za kupigana watu wawili sijambo. Hii imenifikisha mahali naogopa hata kuiwasha.

Nilichagua Vagabond, yule mpiganaji anayeanza na ngao. Nipo leveli 16. Yule mpanda farasi wa dhahabu wa mwanzoni kabisa aliniua mara sita, nikaamua kumzunguka. Nikafuata ile miale inayoonyesha njia mpaka kwenye lango la ngome ya Stormveil, na hapo ndipo nilipokutana na Margit, bosi anayezuia njia ya kuingia.

Shida yenyewe ni hii. Ananyanyua fimbo, mimi nabingirika. Nikisimama, fimbo bado iko hewani. Ndipo anaishusha, inanikuta nimesimama wima. Mapigo matatu nimekwisha. Mpwa wangu wa miaka 12 hukaa pembeni akihesabu vifo, jana usiku tulifika 23.

Nimepekua mipangilio yote nikitafuta pa kupunguza ugumu, sijapaona. Je, papo? Kama hapapo, nifanyeje ili mapigano yawe mepesi kidogo? Sitaki kuiacha. Nchi yake ni nzuri mno, ule mti wa dhahabu huwa nasimama tu kuutazama. Nawasilisha.

Fundi_Gungu:
Hapapo mkuu. FromSoftware, waliotengeneza, hawakuweka chaguo la ugumu kwenye hii gemu tangu ilipotoka Februari 2022. Ile miale inakuonyesha njia ya hadithi tu, haikuambii kama uko tayari kwenda. Mgeuzie Margit mgongo kwanza.

Karabai:
Mtoa mada, mimi niko Ujiji na hapo ulipo nilikaa zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza hiyo fimbo. Margit ametengenezwa kwa ajili ya mtu anayebonyeza kwa hofu. Anainua, anashikilia, anakusubiri uruke, ndipo anashusha. Wewe unautazama mkono unavyopanda, na mkono ukipanda hakuna kinachokudhuru. Subiri uanze kushuka ndipo ubonyeze. Wewe ni mtu wa mwaloni, hili unalijua: taa imewashwa, dagaa wanaanza kuja, mwenye papara anataka kuvuta, na akivuta anapata maji. Mpaka wajae chini ya taa.

Usiku mmoja ingia kwake bila nia ya kumuua. Usimpige hata mara moja. Kwepa tu, na umwombe mpwa aseme "sasa" kila fimbo inapoanza kushuka. Mimi nilifanya hivyo na mke wangu, kufika kifo cha kumi nikawa namkwepa nikiwa naongea naye.

Jambo jingine, bingirika kuelekea kwake, upite chini ya mkono, usirudi nyuma. Fimbo ni ndefu, ukirudi nyuma inakufuata. Na usinywe chupa ya kurudisha damu ukiwa umesimama mbele yake, mara nyingi hujibu kwa kukurushia kisu cha dhahabu. Kunywa akishamaliza mfululizo wake wa mapigo.

Sasa namba. Vigor yako, kile kipimo cha damu, ni ngapi? Upanga umenolewa mpaka wapi? Na ukifungua ukurasa wa vifaa, uzito umeandikwa nini?

Mwalo_Kibirizi:
Asante sana kaka. Vigor ni 15, nimekuwa nikiongeza nguvu na wepesi tu ili nipige kwa uzito. Upanga +1. Uzito imeandikwa Heavy Load, nilivaa deraya nzito nikidhani itanisaidia.

Karabai:
Ndugu yangu, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Vagabond anaanza na Vigor 15 hiyohiyo, maana yake leveli zote saba ulizopanda hujajiongezea damu hata tone. Kabla hujamrudia, Vigor ifike 20 au zaidi. Wengi huipeleka 40 wakifika katikati ya gemu. Mtu anayekufa kwa mapigo matatu hapati nafasi ya kujifunza. Anayekufa kwa matano anajifunza.

Uzito ukivuka asilimia 70 ya unachoweza kubeba, unabingirika kama gunia. Vua hiyo deraya, au hata kofia na glavu tu, mpaka yale maandishi yabadilike. Utashangaa mwili utakavyoitika.

Upanga nao uufikishe +3. Yanahitajika mawe ya kunolea 2 kwa +1, 4 kwa +2 na 6 kwa +3, kwa hiyo bado unadaiwa 10. Yapo kwenye mgodi wa Limgrave, lile eneo la kuanzia, kaskazini ya lile ziwa lenye joka. Kunolea ni palepale kwenye fuawe ya kanisa la Elleh.

Binti_Unyanyembe:
Nawasalimu kutoka Tabora. Kaka zangu mmesema vizuri ila mmeacha lililoniokoa mimi.

Ukishapewa farasi, Torrent, rudi kanisa la Elleh usiku. Utamkuta mwanamke amevaa kofia pana, ameketi ukutani. Atakupa kengele na majivu ya mbwa mwitu watatu. Ukishaingia kwa Margit unaipiga, wanatokea, wanamzingira. Muda anaohangaika nao ndio muda wako wa kunywa chupa na kumpiga mgongoni. Kama umempita yule mama bila kuonana naye, usihuzunike, kengele inauzwa pale kwenye ukumbi wa Roundtable kwa wale wanawake wawili waliokauka.

Halafu kabla ya ule ukungu wa mlango, tazama chini, kuna alama ya dhahabu. Ni ya Rogier, mchawi mwenye upanga. Si mchezaji wa mtandaoni, ni wa ndani ya gemu, kwa hiyo huhitaji bando wala malipo ya mwezi. Mwite, na mbwa mwitu uwaite pia, wote wanaruhusiwa.

Kuna watu watakuja kukuambia ukiita msaada hujashinda. Mimi naamini kinyume kabisa. Waliotengeneza gemu hawakuweka kitufe cha urahisi, wakautawanya urahisi wenyewe nchini: kengele hapa, jiwe pale, mbegu chini ya mti unaong'aa. Anayezunguka kuutafuta ndiye anayeicheza gemu kama ilivyokusudiwa.

Pedi_Moja:
Nenda Murkwater, kuna pango lina mtu anaitwa Patches. Atakupiga, mpige, akipiga magoti kuomba msamaha MUACHE. Baadaye anafungua duka, anauza pingu ya Margit kwa runi 5,000 (runi ndiyo fedha ya humo, na ndiyo ya kupandia leveli). Inamfunga chini sekunde kadhaa, mara mbili, ila ni kabla hajaanza kutumia nyundo ya dhahabu.

Za runi simama sehemu moja ua askari walewale usiku kucha, utapanda.

Karabai:
Hilo la mwisho silipendi, linamchosha mtu mpaka anaichukia gemu. Avuke daraja la kusini aende Weeping Peninsula. Maadui wake ni wa saizi yake, na kuna makanisa matatu, kila moja lina chozi takatifu la kuongeza nguvu ya chupa. Akirudi amepanda leveli bila kujua.

Fundi_Gungu:
Swali la pembeni mkuu: TV yako ni flati? Nenda kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali iliyoandikwa Game. TV nyingi huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, kwa hiyo unachokiona kimeshachelewa. Kwenye mpira huwezi kugundua, ila kwa Margit ndicho kipimo chenyewe. Natengeneza TV kila siku, wateja wengi hawajui kama kitu hicho kipo.

Mwalo_Kibirizi:
Nimeikuta! Ilikuwa kwenye hali ya sinema. Nimebadilisha sasa hivi, tofauti naiona hata nikitembea tu. Ngoja nifuate yote mliyosema, nitarudi.

Binti_Unyanyembe:
Ngao usiisahau. Hiyo ya kwako ya kuanzia inazuia pigo la kawaida lote. Zuia, halafu papo hapo bonyeza pigo zito, anajibiwa kabla hajajipanga. Ila silaha zake za dhahabu zinapenya kidogo, hizo kwepa.

Mwalo_Kibirizi:
Wakuu nimerudi, siku kumi na moja baadaye. Kwa siku nne kati ya hizo umeme ulikuwa unatusumbua.

Nilikwenda kusini kama alivyosema kaka Karabai, nikayakuta makanisa yote matatu. Nimerudi leveli 27, Vigor 24, upanga +3, deraya nimevua. Ule usiku wa kukwepa tu tuliufanya, mpwa akisema "sasa", mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Jana saa nne usiku nikaita mbwa mwitu na Rogier. Jaribio la kwanza nilikufa. La pili mbwa wote walikufa, Rogier akafa, nikabaki mimi na chupa moja, na yeye damu kidogo sana. Akainua fimbo. Mikono ilikuwa inatetemeka jamani, lakini nikaiacha ipande. Ilipoanza kushuka nikapita chini, nikageuka, pigo moja tu. Mpwa aliruka mpaka akapiga teke meza.

Sasa niko ndani ya lango la ngome. Kuna mlinzi mmoja anaongea kwa kunong'ona, ananiuliza nipite lango kuu au upenyo wa pembeni. Nipite wapi?

Karabai:
Hongera sana ndugu yangu, nimefurahi kana kwamba nimemuua mimi. Pita pembeni, lango kuu limejaa mitambo ya mishale.

Binti_Unyanyembe:
Hongera kaka, na mpwa naye apewe soda. Huyo mlinzi ukifia humo ndani anakumegea runi zako, kwa hiyo zitumie zote kwanza ndipo uingie.